Toba Waliyomtaka Mama

Juzi mjukuu wangu Neema alikuwa anapika makande hapa Kimandolu, na harufu ikanifikia kibarazani kabla sijaambiwa ni chakula gani. Magadi yakichemka na mahindi. Wengine husema magadi hayana harufu. Yana harufu, kama majivu yaliyomwagiwa maji, na ulimi huyakumbuka kabla ya pua. Nilichukua fimbo nikaenda jikoni.

"Neema, umeweka nini humo?"

"Kidogo tu, Bibi. Bila magadi mahindi haya yatamaliza mtungi wa gesi."

"Mwaga."

"Bibi jamani, kila mtu anaweka."

"Najua kila mtu anaweka. Mwaga, upike mengine."

Alimwaga, ila alininunia mpaka jioni, na mimi sikumweleza. Ningeanzia wapi? Ninyi wa rika langu, mliokulia kule kwetu chini ya Meru, ndio mnaoweza kunifuata nikiwaambia kwamba kwa ajili ya kitu kile sufuriani mama yangu mzazi alisimamishwa mbele ya kanisa.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabisa kuelekea maziwa ya Momela, siku ambazo mtu alipita na mbuzi wake bila kuulizwa na askari wa wanyama. Kiangazi kikikaza, maji ya ziwa yanarudi nyuma na kuacha ukoko mweupe ufukweni. Watoto wa kike tulitumwa kuukwangua kwa kipande cha kibuyu: mimi, Ndeshi wa Mzee Kaaneli, Eliasikia, na Martha aliyezaliwa na kidole cha sita. Tulitazama nyati kwanza. Kisha tukakwangua huku ndege heroe wamesimama kule mbali majini, wekundu, kama nguo zilizoanikwa. Ukoko ule tuliufinyanga mabonge, tukaukausha juu ya dari la jiko, na hakuna mwanamke wa kwetu aliyebandika maharage bila kumegea bonge moja.

Maji ya kunywa tulichota mtoni. Yalikuwa na rangi ya chai iliyochuja, na hatukujua kama maji yana rangi nyingine. Meno yetu sote yalikuwa ya kahawia, wazee kwa watoto, mchungaji kwa mlevi. Mama yangu peke yake ndiye alikuwa na meno meupe, kwa sababu hakuzaliwa kwetu. Aliitwa Aikande, alitoka Machame, akaletwa pale na baba yangu Anaeli. Nilipokuwa mdogo nilidhani yale meno yake ni ugonjwa. Akicheka mbele za watu nilikuwa namwonea aibu.

Baba aliendesha trekta kwenye mashamba ya ngano ya wazungu, upande wa magharibi wa Kilimanjaro, akirudi mwisho wa mwezi na sukari na sabuni. Wakati mmoja alikaa huko muda mrefu, na aliporudi mama akapata mimba, na mtoto akaja kabla ya miezi yake kutimia. Huyo ndiye mdogo wangu Elibariki. Alikuwa mdogo kama kifaranga. Kisha mama akavimba titi, likatoa usaha, mtoto akaachishwa ziwa mapema. Ikawa kila akilia anapondewa maharage na ndizi, maharage yaliyolainishwa sana na magadi ili yapite kooni. Mama alikuwa anaongeza bonge kwa huruma. Na bonge nimelikwangua mimi.

Elibariki aliposimama, miguu ilikataa kusimama naye. Ilianza kupinda kidogo, nasi tukaona ni utoto. Halafu ikaendelea kupinda kuelekea nje, hata akisimama wima kuku anapita katikati ya magoti yake bila kuinamisha kichwa. Watoto wengine wa kwetu nao walikuwa na miguu ya namna hiyo, lakini hakuna aliyefikia yeye. Na wao walikuwa na mama zao wenye meno ya kahawia.

Sasa kule kwetu lilikuwepo jambo la zamani, na ninyi mnalijua. Balaa lina mwenyewe. Mtoto akipinda, ng'ombe akitupa ndama, wazee wa ukoo walichinja kondoo, wakatazama utumbo, wakamtaja aliyeleta. Neno la Mungu lilipoingia, wazee wetu waliwaacha kondoo. Lakini kumtafuta mwenye balaa hawakuacha. Walihama nalo jambo lile wakaingia nalo kanisani, wakalikalisha benchi la mbele.

Mzee wa kanisa upande wetu alikuwa Mzee Yeremia. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningempata mtu mbaya wa kumlaumu ningepumzika. Alikuwa mtu wa sala, anayegawa maziwa kwa wajane. Jioni moja alikuja nyumbani na Mzee Kaaneli, baba akiwa amerudi kutoka ngano. Mama akawapa viti na chai.

"Aikande," alisema Mzee Yeremia, "hatukuja kugombana. Tumekuja kukusaidia."

"Asanteni, wazee wangu. Kunyweni chai."

"Chai tutakunywa. Miguu ya huyu mtoto inasema nini?"

"Miguu haisemi, baba. Imepinda tu."

Mzee Kaaneli alitaka kucheka, akajificha ndani ya kikombe.

"Mungu haadhibu bure, binti. Mtoto alikuja kabla ya miezi yake, na mumeo alikuwa mbali. Sasa amepinda. Hesabu hiyo hata asiyesoma anaifanya."

"Mimi naona mtoto mgonjwa."

"Hizo ni akili zako. Usizitegemee akili zako. Mtegemee Bwana, ukiri, upone na mwanao apone."

"Ninamtegemea, baba. Ndiyo maana siwezi kumwambia kitu ambacho anajua hakikutokea."

"Kwa hiyo sisi ni waongo?"

"Hapana. Ninyi ni watu."

Mzee Yeremia aliweka kikombe chini. Baba alikuwa mlangoni akikwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti, na aliendelea kukwangua hata tope lilipokwisha.

Nimelifikiria sana neno lile la mzee kwa maisha yangu yote. Lilikuwa neno la kweli. Ni katika maneno ninayoyapenda kuliko yote. Lakini alilishika kama mtu anavyoshika fimbo, upande wa kushikia ukiwa wake na upande wa kuchapia ukiwa wa mama. Usitegemee akili zako, maana yake tegemea zangu. Bwana mwenyewe hakuulizwa.

Baada ya hapo mama alitengwa. Jumapili hakukaa tena na wanawake wenzake. Alikaa benchi lisilo na egemeo karibu na mlango, pamoja na Lazaro mlevi na msichana Eliwaza aliyezalia nyumbani kwao. Mkate na kikombe vilipozungushwa, yeye alitazama nje. Mimi nilidhani amekaa pale ili atoke haraka Elibariki akilia, nikaona ni mahali pazuri, pana upepo. Nilimwomba nikakae naye. Alinipiga kofi dogo la shavu, la kwanza katika maisha yangu, na machozi yakamtoka yeye.

Hakuacha kusali. Alisali akikata majani ya ng'ombe, kwa Kichaga, akimwita Mungu kwa jina la kwao, Ruwa, kwa sauti ya kawaida, kama jirani anayeongea na mwenzake ng'ambo ya ua. Nilisimama nyuma ya migomba nikisubiri nisikie yule jirani akimjibu.

Misimu ikapita hivyo, naye hakukubali. Ndipo ilipoingia surua.

Ilianzia kwa Wamasai wa chini, ikapanda kwetu. Kwa akina Ndeshi alikufa mtoto wa kunyonya, ikapigwa kengele, kanisa zima likaenda na nyimbo. Kisha akafa mtoto wa Eliwaza, ambaye hakubatizwa kwa sababu mama yake ametengwa. Huyo alizikwa na babu yake peke yake nyuma ya zizi, na kengele ilinyamaza. Niliona mama akitazama upande wa lile zizi mpaka uji ukaungua. Elibariki naye hakuwa amebatizwa. Na asubuhi iliyofuata macho yake yalikuwa mekundu.

Mtoni tulimkuta jirani yetu Mama Tumsifu, mwanamke wa maneno mengi aliyempenda mama kwa namna yake.

"Mama Naomi," alimwambia, akimwita kwa jina langu, "Anaeli watu wanasema aliuziwa mbuzi kwenye gunia, mimi nakutetea. Lakini nawe mbishi. Ni kitu cha mara moja. Unasema ndiyo, unasema samahani, mchungaji anabatiza. Kwani sisi hatujawahi kusema ndiyo?"

"Mlisema ndiyo kwa jambo la kweli?"

"Tulisema ndiyo." Akajitwisha debe lake. "Kweli ataipanga Mungu mwenyewe. Wewe panga mtoto."

Jumapili ile ndiyo ilikuwa zamu ya mchungaji kuja kwetu na baiskeli yake. Mama alimfunga Elibariki kwenye blanketi, mwili wote una vipele, anapumua kama msumeno. Baba alikuwepo, amekaa upande wa wanaume. Kanisa lilinuka mafuta ya taa na nguo zilizolowa umande. Mama akaitwa mbele, akasimama.

"Nilifanya kama wazee walivyosema," akasema.

"Litaje kwa jina lake," akasema Mzee Yeremia, kwa upole kabisa.

Mama alitazama juu ya vichwa vyetu. "Nilizini."

Sikujua neno lile. Nilijua tu kwamba likishasemwa miguu itanyooka. Ndivyo tulivyoelezwa na watu wazima siku zote hizo. Kwa hiyo sikumtazama mama. Nilitazama miguu ya mdogo wangu iliyotokeza kwenye blanketi, nikatega sikio, maana niliamini mifupa ikinyooka italia kama mlango wa ghala. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Nilisikia maji yakimiminwa kwenye bakuli, yale yale ya mtoni, ya rangi ya chai, na mchungaji akimpaka Elibariki kichwani mara tatu. Miguu haikulia.

Alipona surua. Watu wakasema mnaona. Miguu iliyobaki imepinda hawakuizungumzia, au walisema adhabu nyingine huachwa iwe ukumbusho.

Siku hiyo hiyo, jua likiwa bado lipo, baba alimkuta mama akimnywesha mtoto uji. Mimi nilikuwa nachambua mchicha.

"Wazee walisema, nikanyamaza," baba alisema. "Ndugu zangu walisema, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu wewe ulisema hapana, nami nilikuamini. Leo umesema ndiyo."

"Nilisema kwa ajili ya huyu mtoto, Baba Naomi. Ulimwona alivyokuwa."

"Kwa hiyo mbele ya madhabahu umedanganya, hapa jikoni ndipo unasema kweli?"

"Ndiyo."

"Na mimi nitajuaje?"

Mama angemjibu kwa kinywa gani? Kinywa kilichomtetea muda wote ule ndicho alichokitoa sadaka asubuhi. Baba alilia, na sikuwahi kumwona mwanamume akilia. Kisha akasema maneno ya wanaume: mtoto si wangu, mwende kwenu. Naomi abaki, huyu sina shaka naye.

Mjomba Ndesario alikuja kutoka Machame kuwachukua. Mama alinisuka nywele siku hiyo, akakaza mpaka ngozi ya kichwa ikauma, ili zikae muda mrefu. Elibariki alikuwa mgongoni, miguu yake imemzunguka kiunoni vizuri kuliko mtoto mwingine yeyote, kama iliumbwa kwa ajili ya kubebwa. Mimi sikulia. Nilidhani Machame ndiko miguu inakonyooshwa, na ikishanyooka watarudi. Nilimkatalia bibi mzaa baba asinifumue zile nywele mpaka zikaingia chawa. Hatimaye alininyoa kwa wembe, akazitupa motoni. Hapo ndipo nilipolia.

Baba alioa tena. Mimi nilikua, nikaolewa pale pale. Kilichonikuta nilipokuwa na watoto wangu ni kwamba kwa Mzee Yeremia mwenyewe, mkwewe Ruthi alizaa mtoto wa kiume, Elisante, na mtoto alipoanza kusimama miguu ikapinda kama ya Elibariki. Nilisubiri kusikia mwenye balaa ni nani. Mzee Yeremia alisimama kanisani, mvi zimejaa, akasema Mungu huwajaribu wateule wake, kanisa limwombee. Tukamwombea. Ruthi alibaki kwenye benchi lake lenye egemeo.

Baadaye wakaja wataalamu wa maji na vichupa vyao. Walichota mtoni, wakachota ziwani, wakaomba na bonge la magadi. Waliporudi walitukusanya kwenye ghala la kahawa, wakasema maji yale na magadi yale yana madini yanayounguza meno na kupinda mifupa ya mtoto anayekua. Wakatutajia chemchemi ya juu, karibu na msitu, kwamba hiyo haina neno. Watu walinung'unika, wengine wakacheka. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta.

Nilikwenda kwa Mzee Yeremia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha vizuri.

"Mzee, umesikia waliyosema watu wa maji?"

"Nimesikia."

"Basi mama yangu hakuwa na kosa. Naomba useme hivyo kanisani."

Nafikiri ilimwingia. Kisha akasema, "Mama yako alitubu kwa kinywa chake, mwanangu. Akasamehewa. Nitamwondoleaje mtu msamaha?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kulikuwa na njia ya kumrudisha mwenye dhambi. Ya kumrudisha asiye na dhambi hawakuwa nayo.

Nikasafiri hadi Machame. Elibariki alikuwa kijana, fundi cherehani, anatembea kwa kuyumba, na alipotabasamu meno ya mbele yalikuwa na madoa mawili matatu, yaliyobaki meupe kama ya mama. Mama nilimkuta anakata majani ya ng'ombe. Nilimweleza yote, watu wa maji, na mjukuu wa Mzee Yeremia aliyepinda miguu, na neno la mzee mwenyewe. Alisikiliza bila kuacha panga.

"Nilijua wazee ni watu," alisema, "na bado nikawaogopa kuliko Ruwa. Niliona kengele yao kubwa kuliko sikio lake. Mtoto wa Eliwaza alizikwa bila kengele, kwani Ruwa hakumwona? Alimwona. Mimi ndiye nilishindwa kuamini. Hiyo nimeshazungumza naye, tumemaliza." Akafunga mzigo. "Huyo mjukuu wa Yeremia, mama yake anampa maji gani?"

"Ya mtoni, mama."

"Ana mimba nyingine?"

"Anayo."

"Basi umpelekee ya huko juu."

"Mimi? Kwa nyumba ile?"

"Namwombea yule wa tumboni kuanzia leo. Usiniache niombe peke yangu."

Nilirudi nikamwambia Ruthi aache magadi na maji ya mtoni. Akaniambia baba mkwe amesema ni jaribu la Mungu, akikimbilia chemchemi atakuwa anategemea akili zake. "Lakini ukiniletea mwenyewe," akasema, akitazama chini, "nitapikia. Kuletewa hakujakatazwa."

Nikabeba. Siwezi kuwadanganya kwamba nilibeba kwa upendo. Nilipanda na debe tupu nikimlaani yule mzee, nikashuka na debe limejaa nikiwa nimechoka kulaani. Ruthi alizaa msichana, Penieli, nikaendelea kubeba akiwa ananyonya, nikaendelea akiwa anatambaa.

Siku Penieli alipotembea kanisani kutoka mlangoni mpaka mbele, Mzee Yeremia alitoa kondoo wa shukrani. Akasema wazee walifunga na kuomba, na Bwana amewasikia wazee wake. Kanisa zima likasema amina. Shingo yangu ilikuwa inauma kwa debe la jana yake. Nilimtazama yule mtoto, amesimama wima pale mbele, goti karibu na goti, na nikaona siwezi kunyamaza, maana kweli Mungu alikuwa amesikia. Nikasema amina. Ila aliyeomba nilikuwa namjua, na hakuwa mle ndani.